Bahari Haichafuki? Somo juu ya Hori la Port Reitz

 

Somo letu la leo ni juu ya neno linalopita sana katika vinywa vya watu wa pwani: kwamba bahari haichafuki. Husema hivi mwenye kumwaga taka, na husema hivi mwenye kuelekeza mfereji wa choo chake pwani. Wakati mwingine husema hivi hata mtu wa dini, akidhani kuwa ana ushahidi wa sharia. Twataka kulipima neno hili kwa mizani mbili, mizani ya sharia na mizani ya ilimu ya viumbe. Na mahali pa kulipimia pako karibu nasi, ni maji ya Port Reitz.

Hori hili ni mkono wa bahari unaoingia bara kutoka Kilindini. Upande mmoja ni Changamwe na Mkupe, upande wa pili ni Mtongwe na Dongo Kundu, na ndani zaidi ni Tsunza na hori la Mwache. Jina limetokana na Luteni John James Reitz, aliyewekwa Mombasa mwaka 1824, akafa mwaka ule ule. Jina si letu, lakini maji tumerithi kwa wazee wetu, na watoto wetu watayarithi kwetu. Humo maji ya mvua yatokayo bara kwa mto Mwache na wenzake huchanganyika na maji ya chumvi. Bamvua likija, bahari hupanda zaidi ya mita 3, kisha hupwa. Katika mchanganyiko huo mikoko huota, na baina ya mizizi yake samaki wadogo na kamba hujificha mpaka wakue. Mvuvi anayetupa mshipi wake mbali na hori hili, huenda samaki wake amelelewa humu.

Tuje kwenye hoja ya sharia. Wenye neno lile husema: Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari, akaruhusu. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuliyolelewa nayo pwani hii, maji yakitimia kulateni hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Haya ni kweli, wala hatubishani nayo. Lakini tujiulize: haya ni majibu ya swali gani? Ni majibu ya mtu anayetaka kutawadha, naye hana maji mengine au ana shaka na maji aliyonayo. Si majibu ya mtu anayetaka mahali pa kutupa uchafu wake. Kumrahisishia mja ibada yake ni jambo moja, na kumpa ruhusa ya kuwaudhi wenzake ni jambo jingine kabisa. Mtume yule yule aliyeruhusu maji ya bahari alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama, na akaonya vikali juu ya kwenda haja mahali watu wachotapo maji, na njiani, na kivulini wapumzikapo. Na kanuni ya sharia yajulikana, kwamba madhara hayaruhusiwi, wala kuyaanza wala kuyalipiza.

Tena tutazame vizuri ile hukumu ya rangi na ladha na harufu. Wanavyuoni wetu hawakusema, funga macho uchote. Walisema, tazama, nusa, onja. Yaani walitufundisha kuyachunguza maji kabla ya kuyahukumia. Ilimu ya leo imeongeza juu ya hayo yale ambayo jicho na pua haviyafikii: bakteria wa kinyesi, risasi na madini mengine mazito, na mafuta yaliyokwisha kuyeyuka. Mwenye kuikataa ilimu hii kwa kusema kwamba maji ni mengi, hakuishika fiqhi. Ameuacha mwendo wake.

Sasa tutazame yaliyolipata hori letu. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilipasuka karibu na hori la Makupa, ambalo maji yake na ya Port Reitz ni jirani moja, na tani kama 5,000 zikamwagika, zikaua mikoko. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba yaliyokatwa miti, ukafunika mizizi ambayo kwayo mikoko hupumua, na sehemu kubwa ya mikoko ya Mwache ikafa wima. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilitoboka bandarini, na mafuta yakafika tena katika mikoko ya Port Reitz. Na huko Kibarani, ukingoni mwa Makupa, taka za mji zilirundikwa kwa miaka mingi mpaka jaa lile lilipofungwa mwaka 2018. Kwa hiyo hatusemi kwamba mharibifu ni maskini peke yake mwenye ndoo yake. Mwenye bandari, mwenye kiwanda, mwenye meli na mwenye choo, kila mmoja ana fungu lake la hesabu, wala mkubwa asijifiche nyuma ya kosa la mdogo.

Baada ya kuyajua maradhi, tujue na mmoja wa waganga ambao Mwenyezi Mungu ameyawekea maji haya. Naye ni chaza, yule mwenye ganda gumu anayeshika katika mizizi ya mikoko na katika mawe. Chaza hatembei kutafuta chakula. Huvuta maji, akayachuja, akala vijimea vidogo vilivyomo, na tope akalifungasha likazama chini. Wataalamu wamempima chaza wa Marekani, wakaona kwamba mmoja aliyekomaa, katika hali njema, aweza kupitisha hata lita 190 kwa siku. Wetu ni mdogo kuliko yule na kipimo chake si kile, lakini kazi ni ile ile. Katika ghuba ya Chesapeake huko Marekani watu waliwavuna chaza bila kiasi tangu karne ya 19, kisha yakaja matope na maradhi, hata wakafikia kuwa kama mmoja katika mia ya walivyokuwa. Maji yakawa mazito, na leo yatumika mali nyingi kuwarudisha. Mwenye akili huonyeka kwa yaliyowapata wengine.

Huenda ndugu yetu mmoja akasema: mimi sili chaza, ni ya nini habari yake kwangu? Twamjibu kwamba nyuki pia wako wasioula asali yake, lakini matunda ya shamba huyala. Chaza akitoweka, maji huwa tope. Mwanga usipoingia, majani ya baharini hufa. Na changu na kamba unaowapenda hukosa malezi. Na yule anayekula, ajue jambo hili: chaza akichuja maji machafu, uchafu hubaki ndani yake. Asichukue chaza karibu na mfereji wa maji machafu, na ampike vizuri, kwani kipindupindu na homa ya matumbo vyaweza kupita njia hiyo. Wala moto hauondoi risasi. Kwa hiyo chaza wa mahali pachafu aachwe afanye kazi yake ya kusafisha.

Basi tufanye nini? Twaona mambo matatu.

La kwanza ni kupima. Hesabu ni katika amana, na asiyehesabu hajui amepungukiwa na nini. Vijana wa mtaa waweza kushusha majini sahani nyeupe iliyofungwa kamba, wakaandika ni kina gani inapopotea machoni. Waweza kuweka fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita juu ya mwamba au mizizi, wakahesabu chaza walio hai na waliokufa. Waandike tarehe, saa, maji kujaa au kupwa, na mvua iliyonyesha. Na wafanye hivyo mahali pale pale kila mwezi, kwani kipimo cha siku moja hakina ushahidi. Maji ya kutafutwa vijidudu yahitaji maabara. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979, iko hapa hapa Mombasa, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 imeweka mamlaka ya kupokea mashtaka ya uchafuzi. Mwenye kwenda kwao na daftari la mwaka mzima husikilizwa kuliko mwenye kwenda na hasira peke yake. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi.

La pili ni kurudisha. Mtoto wa chaza huelea majini kwa muda wa wiki mbili tatu, kisha hutafuta kitu kigumu akashika. Na hapendi kitu kuliko ganda la chaza mwenzake. Kwa hiyo maganda yasitupwe jaani, yarudishwe ukingoni mwa maji. Mwenye kuvuna asikate mzizi wa mkoko, ambanduke chaza peke yake, tena aliye mkubwa, na mdogo aachwe. Na vipande vingine vitengwe visiguswe kwa muda. Jambo hili si geni katika dini. Mtume (s.a.w.) aliiharimisha Madina, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, na akaitenga Naqii kwa malisho ya farasi wa Waislamu. Wala si geni katika pwani yetu, kwani akina mama wa Fumba na Bweleo huko Unguja, pamoja na wataalamu wa bahari, walitenga vipande vya pwani yao visichokolewe, ili chaza na kombe wapate kuzaana. Na atakayepanda mkoko, basi Mtume ametubashiria kwamba anachokula mtu au ndege au mnyama katika kilichopandwa na Mwislamu, ni sadaka yake.

La tatu ni kufundishana. Samaki wakiadimika, wako wanaokimbilia kutoa kafara pwani na kuwafukizia mizimu ubani. Hilo ni kuiharibu itikadi na kuyaacha maji katika hali yake. Sababu ya maradhi ni katika matendo yetu, kama Sura ya Rum ilivyotueleza juu ya uharibifu wa bara na bahari, na dawa yake pia ni katika matendo. Khatibu aiseme habari hii mimbarini, mwalimu aifundishe pamoja na mlango wa tohara, na kamati za wavuvi zibandike vipimo vya mwezi mahali watu wanapoviona. Kila msikiti uanze kwa nafsi yake, utazame mfereji wa vyoo vyake unamwagika wapi.

Imamu Bukhari amepokea kwa Nuuman bin Bashir mfano aliotupigia Mtume (s.a.w.) wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakachoka kupanda kuchota maji, wakataka kutoboa tundu katika fungu lao, wala hawakukusudia ubaya. Wa juu wakiwaacha, wameangamia wote. Wakiwashika mikono, wameokoka wote. Changamwe, Likoni na Tsunza tumepanda jahazi moja, na hori hili ndilo ubao wake. Anayetoboa kwa ndoo na anayetoboa kwa bomba la kiwanda, wote yatupasa kuwashika mikono, kwa ilimu kwanza, kisha kwa sheria.