Diski ya Somo la Afya: Itengeneze Isomeke Nyumbani



Maji ya chumvi na sukari humsaidia mtoto anayeharisha. Lakini sauti ya somo ikikatika penye kipimo, mama anaweza kuzidisha chumvi, na hiyo ni hatari. Wewe unayetengeneza diski za masomo hapa Rusizi, panga programu ya kompyuta hivi:

1. Chagua DVD-Video. Ukinakili faili tu, deki nyingi za zamani hazitaisoma.
2. Chagua PAL: ukubwa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. NTSC ni mfumo wa Marekani na Japani.
3. Picha iwe MPEG-2, sauti kilohezi 48.
4. Weka kilobiti 4500 kwa sekunde. DVD ya GB 4.7 itabeba saa 2.
5. Choma kwa mwendo mdogo.

Kabla ya kugawa, ijaribu kwenye deki ya nyumbani. Sikiliza mpaka kipimo: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kisiposikika vizuri, choma diski nyingine.

Kumbuka: pakiti ya ORS ikipatikana, itumie kwanza, na mtoto apelekwe kliniki.