Wanakariri, hawaelewi

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Butembo. Watoto wanasoma Kifaransa ubaoni kwa sauti moja, lakini nikiuliza maana, kimya. Nifanyeje?

Jibu: Pole, mwalimu. Mtoto wako anaamka kwa Kinande, anatumwa sokoni kwa Kiswahili, kisha darasani anadaiwa lugha ya tatu ambayo pengine nyumbani hakuna anayeisema. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka shule ya msingi itumie lugha za taifa au za mazingira, basi usione haya kueleza maana kwa Kiswahili.

Anza na mdomo, ubao usubiri. Sema "ouvre la porte", mtoto aende kweli kufungua mlango. Sema "donne-moi le cahier", akupe daftari mkononi. Rudia hivyo wiki nzima bila kuandika neno.

Sauti ya "u" katika "rue" haimo katika Kiswahili, ndiyo maana wanatamka "roue", na barabara inageuka gurudumu. Waambie waseme "i" huku midomo imeviringwa kama ya kupiga mluzi. Watacheka sana, lakini wataipata. "Le" na "la" zifundishwe zikiwa zimeshikana na neno lake, kama "la table". Kwa nini meza iwe ya kike, hata Mfaransa atakuna kichwa.

Na anayeponyokwa na Kinande asichapwe. Mtihani wa taifa uko mwisho wa darasa la sita. Muda unao.