Pipa la lotoko ndani ya kompyuta: vidokezo kwa mwalimu wa termodinamiki

Mwanafunzi wa Kasongo au Kabambare anayekwenda Lubumbashi au Kinshasa kusomea uhandisi wa kemia hukutana na termodinamiki kama ukuta wa alama. Anazikariri, anafaulu mtihani, kisha zinamtoka. Programu za kuigiza mitambo ya kemia zinaweza kuubomoa ukuta huo hata kwa vijana wa mchepuo wa kemia-biolojia ambao bado wako sekondari. Lakini mwalimu lazima aamue kitakachotangulia, na mimi nasema ni ubao.

1. Chukua programu ya bure. DWSIM ilianzishwa na mhandisi Mbrazili Daniel Medeiros mwaka 2008. Haina leseni ya kununua, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na ukishaiweka haidai intaneti. Ipakue ukiwa mjini penye mtandao mzuri, uibebe kwenye flashi. Usijinyime usingizi kwa sababu ya programu ya kulipia ya Aspen na bei zake: mambo ya mwaka wa kwanza na wa pili yote yamo humu. Kompyuta moja na betri iliyochajiwa kwa jua zinatosha darasa zima, mradi anayebonyeza abadilishwe kila mara.

2. Anza na pipa la lotoko. Vitabu huanza na benzini na toluini, vitu ambavyo mtoto wa Kasongo hajawahi kuvinusa. Lotoko anaifahamu: pipa la pombe ya mahindi na muhogo, moto chini, bomba linalopita kwenye maji, matone mwishoni. Mama anayeipika anajua kwa kuonja mambo ambayo darasani huchukua majuma. Huwafundishi kupika pombe. Unawaonyesha kwamba sayansi ilikuwa uani siku zote.

3. Hesabu kwa mkono kabla ya kuwasha mashine. Hiki ndicho kidokezo ambacho singekubali kukipunguza. Waambie pipa lina ethanoli asilimia 5 kwa idadi ya molekuli, na zilizobaki ni maji. Kwa sheria ya Raoult, kwenye shinikizo la kawaida la usawa wa bahari, watapata kwamba mchanganyiko unachemka karibu na nyuzi 98 na mvuke wake una ethanoli kama asilimia 10. Waandike jibu hilo ubaoni, wakubaliane, na mmoja wao alitetee.

Sasa washa DWSIM, weka mkondo huohuo, chagua modeli ya NRTL. Itawaambia nyuzi 91 hivi, na mvuke wenye ethanoli karibu thuluthi moja. Hapo darasa hupiga kelele. Nani kakosea? Hesabu yao ni sahihi. Kilichokosewa ni dhana iliyo chini yake. Raoult anachukulia kwamba molekuli za ethanoli hukaa na maji kama zinavyokaa na wenzao. Kumbe maji yanazisukuma nje, nazo hutoroka kwenda kwenye mvuke kwa wingi kuliko tulivyodhani. Kipimajoto kimoja ndani ya pipa kingeamua ugomvi huo.

4. Modeli kwanza, jibu baadaye. Programu haitakataa modeli mbaya. Itakupa namba zenye desimali nne, safi kabisa, za uongo. Peng-Robinson ya mwaka 1976 ilitengenezwa kwa gesi na mafuta ya petroli. Ukiipa ethanoli na maji bila marekebisho inapotea. NRTL, ya Renon na Prausnitz mwaka 1968, ndiyo ya michanganyiko ya namna hii. Wachore grafu ya modeli mbili kwenye ukurasa mmoja na watafute mahali ambapo kimiminiko na mvuke vinakuwa sawa, kwenye asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito. Kwa Raoult mahali hapo hapapo kabisa.

5. Ondoeni imani ya kikombe cha kwanza. Watu wengi husema: mwaga matone ya mwanzo, sumu ya methanoli imekwisha. Sababu inayotolewa ni kwamba methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 na ethanoli kwenye 78.4, kwa hiyo methanoli lazima itangulie. Waache wanafunzi waongeze methanoli kidogo kwenye pipa lao la kompyuta, kisha watazame mvuke. Penye maji mengi, ethanoli ndiyo inayosukumwa nje kwa nguvu zaidi. Methanoli haikimbilii mbele. Inatoka kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Kumwaga kikombe kimoja hakuiondoi. Somo hili peke yake linastahili saa mbili, na naomba kila mwanafunzi alipeleke nyumbani.

6. Tazama koma. Kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, vitabu vya programu vimeandikwa kwa Kiingereza: huku desimali hutengwa kwa koma, kule kwa nukta. Hakikisha namba uliyoandika ndiyo namba iliyosomwa.

7. Badilisha shinikizo liwe la Kasongo. Mji uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 650, kwa hiyo tumia kilopaskali 94 badala ya 101.3. Maji yatachemka karibu na nyuzi 98.

8. Usisahau nishati. Kila kilo ya mvuke wa kidokezo cha tatu, ili igeuke matone ya vuguvugu, inapasha moto karibu kilo 13 za maji kwa nyuzi 30. Ndiyo maana maji ya kupozea hubadilishwa kila mara. Wanafunzi wapate namba hiyo kwenye programu, kisha wakokotoe kuni.

9. Kwa Kabambare, zima kompyuta. Huko Salamabila na Namoya watu wanaishi kwa dhahabu, na pale mchimbaji anapotumia zebaki, kipo kisa ambacho chaki inakitosha. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu huyeyuka kwenye 1,064. Ndiyo maana moto hufukuza moja na kuacha nyingine. Lakini hata bila moto, kwenye nyuzi 25, shinikizo la mvuke wa zebaki ni karibu paskali 0.25. Kwa mlinganyo wa gesi bora, hewa iliyojaa mvuke huo ina miligramu 20 za zebaki katika kila mita ya ujazo. Kiwango kinachoruhusiwa kazini katika nchi za Umoja wa Ulaya ni miligramu 0.02. Waache wagawanye wenyewe, kisha wachore chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza, kitakachorudisha zebaki chupani badala ya kuiacha iingie mapafuni. Wataona kwamba mchoro huo ni wa pipa lilelile la lotoko.