SUMU YA BUSTANI HAINA MACHO
Somo la vikundi: tuwalinde mbwa wetu, tujilinde na sisi

Lengo la somo. Mwisho wa kikao, kila mwanakikundi aweze kutaja dawa za bustani zinazoua mbwa, kuziweka mahali salama, na kujua la kufanya mbwa akila sumu.

Kwa nini somo hili?

Ndugu wanakikundi, huenda mkauliza: tumezoea kusoma habari za mikopo na maji, leo mbwa wameingiaje? Jibu ni fupi. Mbwa hula kilicho chini, na mtoto anayetambaa naye hula kilicho chini. Pale mbwa alipofia leo, mtoto atacheza kesho. Kwa hiyo anayejua kumlinda mbwa na dawa za bustani, amekwisha kuilinda nyumba nzima.

Hapa kwetu Kilindini na kisiwani kote, mbwa wengi ni wa ulinzi. Tunawaona Kizingo, Ganjoni, Tudor, na penye magodauni karibu na bandari. Mji wa Kale mbwa ni wachache, kwa kuwa ndugu zetu Waislamu wengi hawafugi mbwa nyumbani. Huko wenye mitaa ni paka. Lakini sumu inayomuua mbwa humuua na paka. Tena ndugu zetu hao husimulia, katika Hadithi, juu ya mtu aliyesamehewa na Mungu kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Basi huruma kwa mnyama si ya dini moja.

Dawa zipi ni hatari?

*1. Dawa za wadudu.* Ni hizi tunazonyunyizia sukuma wiki na mchicha, au punje za kuchanganya na udongo. Nyingi hushambulia mishipa ya fahamu. Mbwa hutokwa na mate na machozi, hutapika, huharisha, hutetemeka, na mboni za macho huwa ndogo. Dalili huanza baada ya dakika chache au saa chache. Daktari wa mifugo anayo atropini ya kupambana na sumu hii, lakini mbwa afikishwe mapema.

*2. Dawa ya panya inayozuia damu kuganda.* Hii ina hila. Mbwa huonekana mzima kwa siku tatu hata tano. Kisha fizi hupauka, hulegea, na damu hutoka puani au kwenye kinyesi. Watu husema amerogwa, kumbe ni chambo cha juma lililopita. Hata akila panya aliyekufa kwa sumu hii, anaweza kudhurika. Tiba ni vitamini K1, na huendelea kwa wiki kadhaa.

*3. Unga wa kijivu wa panya, yaani zinki fosfidi.* Ukikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi kali, na hauna dawa ya kuupindua. Gesi hiyo humdhuru hata binadamu. Mbwa akitapika ndani, fungueni madirisha na mtoke nje.

*4. Chambo cha konokono.* Masika konokono wakubwa huvamia mboga, nasi hununua chembe za metaldehaidi. Mara nyingi huchanganywa na pumba, kwa hiyo mbwa huona ni chakula. Hutetemeka vibaya na mwili huwaka joto.

*5. Mbolea.* Mbolea ya mifupa au ya damu hunukia nyama, na mbwa huifukua. Ikiwa nyingi huziba matumbo. Hatari zaidi ni mashudu ya mbarika, ambayo yana sumu kali.

Tujifunze kutoka bara

Wengi wenu mwaikumbuka Furadan, zile punje za rangi ya zambarau. Iliuzwa kwa wakulima kuua wadudu wa udongoni. Wafugaji wengine bara wakaitia kwenye mizoga ili kuua simba waliokula ng'ombe wao. Walikufa simba, wakafa fisi, na tai waliokuja baadaye wakafa pia. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyoitengeneza, FMC, ilitangaza kuirudisha kutoka madukani Kenya kwa kuinunua upya. Dawa ilikuwa ya wadudu, lakini ilimfuata kila aliyeigusa. Kama kuna kopo la zamani stoo, lisifunguliwe. Mpelekeeni habari ofisa wa kilimo.

Tabia za kuacha

• *Kununua dawa ya mkononi.* Mchuuzi apita mtaani akiita, "Dawa ya panya, mende, kunguni!" Ukimwuliza ndani mna nini, atakujibu, "Mama, hii yaua tu." Karatasi haina jina wala maelezo. Mbwa akiila, daktari atatibu nini? Nunua duka la agroveti, kwenye pakiti yenye nambari ya usajili inayoanza na PCPB. Angalia na mstari wa rangi chini ya lebo: mwekundu ni hatari kuu, kisha manjano, buluu, na kijani.

• *Kuhamishia dawa kwenye chupa ya soda.* Iache ndani ya chombo chake, juu, ndani ya sanduku lenye kufuli.

• *Kutandaza chambo wazi.* Kikibidi, kiwe ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu. Hesabu vipande jioni na asubuhi.

• *Kumwaga maji ya bomba la kunyunyizia ovyo.* Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, na maji hupenya upesi hadi visimani. Visima hivyo watu huvitumia bomba la mji likikauka.

Baada ya kunyunyizia, fungeni mbwa mpaka majani yakauke kabisa, au muda mrefu zaidi kama lebo inavyosema.

Njia nyingine

Mwarobaini umejaa pwani yetu. Twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyizia jioni. Konokono waokoteni kwa mkono uliovikwa mfuko wakati wa usiku. Kwa panya, anzeni na takataka: funikeni pipa, zibeni matundu, tegeni mtego. Panya asiyepata chakula huhama.

Mbwa akila sumu

1. Mwondoe penye sumu. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi.
2. Ikiwa imemmwagikia, mwoshe kwa maji mengi na sabuni.
3. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Maziwa hayaondoi sumu, mafuta yaweza kuingia mapafuni, na chumvi nyingi ni sumu nyingine.
4. Usimtapishe bila agizo la daktari, hasa akiwa amelegea au anatetemeka.
5. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti. Mweleze amekula nini, kiasi gani, saa ngapi.
6. Akifa, mzikeni shimo refu mbali na kisima. Akitupwa jalalani, paka na kunguru watamla na kufa vilevile.

Sumu ya makusudi

Hili tuliseme wazi. Wako wanaotia sumu kwenye nyama kwa sababu mbwa wa jirani amewachosha. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yakataza kumpa mnyama sumu kwa makusudi bila sababu ya haki. Wengine husema wanazuia kichaa cha mbwa. Sivyo. Kinachozuia kichaa ni chanjo. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya kichaa ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa. Ukimuua mbwa aliyechanjwa, nafasi yake yaweza kuchukuliwa na wa mtaani asiyechanjwa, na mtaa utakuwa umejiondolea ngao.

Mfano wa kujadili

Mama mmoja amepanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya nyumba. Mara tatu mbwa wa jirani ameyafukua, na jirani hajali. Mume wake asema, "Weka dawa kwenye kipande cha nyama, yaishe." Uani hapo hucheza watoto wa nyumba nne.

Maswali

1. Mama huyu afanye nini leo? Nani akaongee na jirani?
2. Nani mwingine anaweza kukiokota kipande kile cha nyama?
3. Nyumbani kwako dawa ziko wapi sasa hivi? Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuzifikia?
4. Daktari wa mifugo aliye karibu yuko wapi, na nani ana nambari yake?

Kazi ya juma hili. Kila mmoja akague stoo yake na bustani yake. Kikao kijacho alete orodha ya dawa alizokuta, zenye lebo na zisizo na lebo. Dawa zenyewe msizilete. Kisha kikundi kichange fedha za sanduku moja la kufuli kwa kila bustani ya pamoja, na kuchagua mtu wa kutunza ufunguo.