Mzuie Asiende: "Asi-" Inapotuponza kwenye Kiingereza

Nilipoanza kazi ya kutafsiri nililetewa kibao cha karakana ya umeme: "Wazuie watoto wasiguse nyaya." Nikaandika, "Prevent children from not touching the wires." Fundi alikisoma mara mbili, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hapa si umewaruhusu kuzigusa?" Nilishikwa na baridi. Nilikuwa nimewaagiza watu wahakikishe watoto wanashika umeme. Namshukuru Mungu, kibao kilikuwa bado hakijapakwa rangi.

Kosa lilitoka kwenye Kiswahili changu kizuri tu. Baada ya kuzuia, sisi hukanusha: mzuie asiende, zuia maji yasiingie. "Prevent" imekwisha kuumeza ukanushi huo. Ukiongeza "not", maana inapinduka. Kwa hiyo siku hizi nikiona asi-, wasi- au yasi- baada ya kuzuia, naifuta kwanza kichwani, namtaja anayezuiwa, naweka "from", kisha kitenzi chenye -ing: "prevent him from going". Usiseme "prevent him to go". Utawasikia Waingereza wakisema "prevent him going", bila "from", nao hawajakosea. Lakini wewe unayejifunza ishikilie "from" yako.

Kuna pia suala la wakati. Neno "prevent" asili yake ni Kilatini, praevenire, yaani kuja kabla. Katika Biblia ya King James ya 1611 bado lina maana ya kutangulia, ndiyo maana msomaji wa leo anaweza kutatizika akifika 1 Wathesalonike 4:15. Asili hiyo ndiyo inayonisaidia kuchagua. Kuzuia kwetu ni kupana: tunazuia damu inayotoka, tunazuia na ugonjwa ambao haujaingia. Kwa damu sema "stop". Kwa ugonjwa, "prevent". Dereva akilikwepa shimo, hapo ni "avoid", kuepuka.

Ukitafsiri kuja Kiswahili, usikimbilie kuzuia kila mara. Chandarua huzuia mbu, lakini humkinga mtu na malaria.

Huwa nawapa wanafunzi wangu sentensi hii: "Zuia moto usienee." Wengi huchagua "stop" kwa sababu moto tayari unawaka. Nawauliza: umekwisha kuenea? Bado. Basi, "prevent the fire from spreading".