Somo juu ya Kaa wa Mto: Kumshika na Kumpika Wakati wa Kiangazi

Mwezi wa Mei mvua ikikatika, vijito hupungua, na maji yake hutulia hata waona mawe ya chini. Wakati huo huo mboga hupungua nyumbani. Sombe ipo, lakini samaki wa kutia ndani yake ni ghali. Mwaka wa 2024 nchi nne zenye ziwa Tanganika, ndizo Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilifunga uvuvi tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Jambo hilo ni jema kwa ziwa, lakini sufuria haingoji Agosti. Tena ninyi mkaao karibu na machimbo, upande wa Nyunzu na Manono, ndagala wa Kalemie hufika kwenu akiwa amepita mikono mingi, na kila mkono huongeza bei yake.

Basi leo twajifunza juu ya chakula kilicho chini ya mawe ya kijito chako, ndiye kaa. Watu wengi huwaachia watoto. Watoto humshika, humtupa juu ya moto, humla nusu mbichi, na wazazi hucheka tu. Haifai kucheka. Kaa aliyeiva hujenga mwili kama nyama na samaki. Kaa asiyeiva aweza kumtia mtu ugonjwa wa miaka.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Kwetu kuna kaa wa ziwa na kaa wa mito. Ndani ya ziwa mna kaa wasioonekana katika ziwa jingine lolote duniani. Mmoja wao aliandikwa mwaka wa 1887 na Mfaransa Alphonse Milne-Edwards, akamwita Platythelphusa armata; ana magando makubwa ya kuvunjia konokono, na konokono wa ziwa letu wana nyumba nene kuliko wa maziwa mengine mengi. Wenzake wengi ni wadogo, hawajazi hata kijiko. Wakati ziwa limefungwa usitege kitu ndani yake, hata kaa, pasipo kuwauliza wakubwa wa uvuvi. Kaa wa somo hili ni yule wa mito na vijito, mwenye gamba pana la rangi ya udongo, akaaye chini ya mawe na ndani ya mashimo ya kando.

Sasa mgeuze chali utazame tumbo lake. Utaona mkia uliokunjwa na kulala juu ya tumbo. Kwa dume mkia huo ni mwembamba, umechongoka. Kwa jike aliyekomaa ni mpana, umefunika tumbo karibu lote, na chini yake ndipo anapobeba mayai. Hapa pana jambo kubwa. Kaa wa bahari, kama wale wa mikoko ya Lamu na Unguja, huzaa watoto mamia ya maelfu, wadogo kama vumbi, nao huchukuliwa na maji. Kaa wa mto hawezi kufanya hivyo, maana mto ungewachukua watoto wote. Kwa sababu hiyo hutaga mayai machache yaliyo makubwa, na mtoto hutoka katika yai akiwa kaa kamili, na mama yake humchukua chini ya mkia siku kadhaa. Ukimla jike mmoja mwenye mayai, umekula pamoja naye kaa wa miaka ijayo. Kijito kidogo chaweza kumalizwa katika kiangazi kimoja. Mimi nashauri hivi: jike mwenye mayai au watoto rudisha majini, na kaa aliye mdogo kuliko kiganja cha mtoto rudisha pia. Ukiwa umechukua katika sehemu moja ya kijito wiki hii, wiki ijayo nenda sehemu nyingine.

Kuhusu kumshika. Mchana kaa hujificha, usiku hutoka kutafuta chakula. Wengine huenda na taa au kurunzi jioni, wakamwona akitembea ukingoni. Njia hiyo ni nyepesi, lakini si ya kando ya Lukuga wala ya mto wowote mkubwa wenye mamba na viboko. Ni ya vijito tu, na msiende mtu mmoja. Njia iliyo bora ni mgono. Fuma mgono kwa fito, mdomo wake uelekee ndani kama wa samaki, tia ndani matumbo ya kuku au vichwa vya samaki vilivyoanza kunuka, ufunge kwa kamba na kuulaza penye maji ya polepole. Tega magharibi, utegue alfajiri. Kaa hupenda harufu.

Usiingize mkono ndani ya shimo wala chini ya jiwe usiloona nyuma yake. Kando ya ziwa, katika mawe, hukaa swila wa maji, naye ana sumu. Ukiinua jiwe, liinue kwa upande ulio mbali nawe, ili kitu kitokacho kisije kwako. Kaa mwenyewe mshike kwa nyuma, kidole gumba juu ya gamba na vidole vingine chini, hapo magando yake hayakufikii. Akikubana, usimvute, weka mkono majini naye ataachia. Tena usikae majini saa nyingi, maana penye konokono na majani pana kichocho.

Buba usitie kamwe. Najua kwamba wazee walitumia, na kwamba asubuhi moja ya buba hujaza vikapu. Lakini buba huua pia vifaranga vya samaki na wadudu wote ambao samaki hula, na kijiji kilicho chini hunywa maji hayo.

Sasa nasema na ninyi wa machimbo. Tazama kwanza maji yatokako. Kijito ambacho juu yake watu huosha dhahabu kwa zebaki si kijito cha kuchukua kaa. Zebaki hushuka katika matope, na kaa hula matope, hula na vitu vilivyooza. Sumu hiyo hukaa ndani ya mwili wake, na moto hauiondoi, hata upike siku nzima. Huwadhuru zaidi wanawake wenye mimba na watoto wadogo, kwa sababu huharibu ubongo. Hata pasipo zebaki, kijito chenye maji mekundu ya kuoshea madini siku zote usikitumie. Panda juu ya machimbo, au nenda kijito kingine. Najua ni mwendo mrefu. Lakini mtu aliyetembea saa moja kutafuta chuma cha kuuza aweza kutembea nusu saa kutafuta chakula cha mtoto wake.

Kaa ukiwapata, wachukue wazima ndani ya kikapu chenye majani mabichi yaliyoloweshwa. Usiwajaze ndani ya ndoo ya maji, kwa maana pumzi iliyo ndani ya maji hayo huisha upesi nao hufa. Kaa aliyekufa kabla ya kupikwa huoza mara moja. Mtupe, hata kama kazi ya kumpata ilikuwa nyingi.

Tumefika jikoni, na hapa naomba akina mama wasome polepole, na akina baba pia.

Ndani ya kaa wa mto mwaweza kukaa vijidudu vya mnyoo mmoja mdogo sana. Mtu akila kaa mbichi au nusu mbichi, mnyoo huo hutoka tumboni, hupita hata mapafuni, hukaa huko miaka. Mtu hukohoa, hutoa makohozi ya rangi ya kutu, pengine damu. Watu husema ni kifua kikuu, naye hunywa dawa za kifua kikuu miezi mingi bila kupona. Ugonjwa huu wajulikana katika Kameruni na Nijeria. Huko Nijeria ya mashariki, wakati wa vita vya mwaka wa 1967 hata 1970, njaa iliwafanya watu kula kaa wengi, na ugonjwa ukazidi sana. Dawa yake ipo, ni prazikuanteli, ile ile itolewayo kwa kichocho. Basi ukikohoa muda mrefu nawe ulikuwa ukila kaa, mwambie mganga wa dispensari habari hiyo ya kaa. Asipoambiwa hataiwaza.

Mayai ya mnyoo hutoka kwa makohozi na kwa choo cha mtu, huingia majini, huingia katika konokono, kisha katika kaa, na kaa humrudishia mtu. Mtu ajisaidiaye kando ya kijito anajipikia ugonjwa wake mwenyewe.

Habari ya pili ni ya kolera, ndiyo kipindupindu, ugonjwa ambao Kalemie haihitaji kufundishwa. Mwaka wa 1978 huko Louisiana, katika Marekani, watu waliugua kolera kwa kula kaa waliopikwa. Nasema waliopikwa. Wataalamu walijaribu, wakaona kwamba kijidudu cha kolera chaweza kukaa kizima ndani ya kaa aliyechemshwa dakika 8, na ndani ya kaa aliyepikwa kwa mvuke hata dakika 25. Gamba lilikuwa limekwisha kubadilika rangi! Kwa hiyo usiamini rangi. Gamba huwa jekundu upesi, lakini ndani bado.

Fanya hivi. Osha kaa kwa maji safi, wasugue matope. Chemsha maji mengi yenye chumvi yafunike kaa wote. Maji yakitokota, watie, ufunike. Yakitokota tena, anza kuhesabu dakika 20. Kama huna saa, tia pamoja nao kiazi kitamu kizima cha kadiri ya ngumi yako. Choma kiazi kwa kijiti. Kikipita hata katikati bila kugoma, kaa wameiva, na kiazi ni cha mpishi. Mvuke peke yake usiutumie, wala kumchoma juu ya makaa kabla ya kumchemsha. Akiisha kuchemka, mchome upendavyo apate harufu nzuri.

Kosa moja nimeliona katika nyumba safi kabisa. Mama hutwanga kaa mbichi kinuni apate mchuzi, kisha hupika mchuzi vema sana. Lakini kinu kile hakikuoshwa kwa maji ya moto, na baadaye hutwangia karanga zinazoliwa hivyo hivyo. Maji ya kaa mbichi yamekwisha kuingia katika karanga, na mkononi mwake, na juu ya kisu. Chemsha kwanza, ndipo utwange. Mikono na kisu vilivyogusa kaa mbichi vioshwe kwa maji na sabuni, au kwa majivu.

Kaa akiisha kuiva, fungua gamba la juu. Ondoa matamvua, yale kama manyoya laini ya pande mbili, na kile kifuko kilicho nyuma ya kinywa, hivi haviliwi. Vunja magando makubwa uyaweke kando. Miili iliyobaki itwange pamoja na maji ya moto kidogo, uchuje mara mbili, maana kipande cha gamba kooni mwa mtoto ni hatari. Utapata mchuzi mzito. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mawese, mimina mchuzi wako, tia magando na pilipili, acha utokote hata mafuta yapande juu. Kula na bugali ya moto. Kwa nyumba ya watu sita, kaa 20 wa kadiri watosha. Mchuzi huo huo waweza kuutia katika sombe iliyokwisha kuiva, mahali pa ndagala, na wengine huongeza karanga zilizotwangwa. Mimi napenda wa sombe, kwa sababu kaa wachache hulisha watu wengi.

Mtu alaye kaa mara ya kwanza apewe kidogo. Wako watu ambao mwili wao hukataa, midomo huvimba na ngozi huwasha. Mtu huyo asile tena, na akishindwa kupumua apelekwe dispensari mara moja.

Magamba yaliyobaki usiyatupe. Yamechemka, hayana madhara tena. Yaanike juani siku tatu, yatwange yawe unga, uchanganye konzi moja katika chakula cha kuku wako. Yana chokaa, na kuku atagaye akipata chokaa hutoa yai lenye ganda gumu, lisilovunjika njiani kwenda sokoni.