KISIKI HAI, GUGU GENI NA HAKI YA JIRANI



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, somo letu linahusu mimea ya asili ya hapa Mlali na wilaya yetu ya Kongwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha mtu, ndege au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka. Aidha, aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe ovyo. Basi kutunza mimea si kazi ya mabwana misitu peke yao, bali ni katika mafundisho ya dini yetu.

MIMEA YETU

Mbuyu, mkwaju, mgunga na mfuru imezoea ukame wetu. Humo tunapata ubuyu, ukwaju, furu, dawa, kuni na kivuli. Mlenda wa porini tunauanika na kuutwanga, ukatufaa kiangazi.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaling'oa vichaka na miti. Mvua zikawa chache, udongo ulioachwa wazi ukakauka na kuwa mgumu, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Hilo ni funzo kwetu.

KISIKI HAI

Miti mingi iliyokatwa haijafa, kwani mizizi yake ingali hai ardhini. Kila mwaka huchipua, nasi tunaifyeka tunapoandaa shamba. Katika Niger, nchi ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, wakulima wa Maradi walianza mwaka 1983 kuyalea machipukizi hayo wakishirikiana na mtaalamu kutoka Australia, Tony Rinaudo. Miti ikarudi katika hekta zaidi ya milioni 5. Hapa mkoani Dodoma, shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit wamekuwa wakifundisha njia hiyo vijijini tangu mwaka 2018, kwa jina la kisiki hai. Hatua zake ni nne:

1. Kuchagua kisiki na machipukizi yake machache yaliyo imara.
2. Kupogolea mengine yote, pamoja na matawi ya chini.
3. Kuweka alama ya kitambaa, ili kila apitaye ajue kuwa mti huo unatunzwa.
4. Kuulinda na mifugo, moto na panga.

Wapo wazazi wasemao kuwa mti shambani huzuia jembe la ng'ombe na kutia mahindi kivuli. Neno lao lina ukweli ikiwa mti haupogolewi. Kwa hiyo tuache visiki vyenye nafasi kati yake, na matawi tunayopunguza yawe kuni, ili mama zetu wasiende mbali.

GUGU GENI

Si kila kijani ni neema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mathenge, wenye asili ya Amerika, ulipandwa Baringo nchini Kenya kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa. Ukafunga malisho na njia. Mbuzi walikula maganda yake matamu, meno yao yakaharibika, na kinyesi chao kikasambaza mbegu. Mwaka 2006 wananchi waliishitaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza mti huo kuwa gugu hatari. Wananchi wamekuwa wakiukata kwa ajili ya mkaa na kusaga maganda yawe chakula cha mifugo, kwa kuwa mbegu iliyosagwa haioti.

Hapa Tanzania, gugu karoti lilionekana Arusha mwaka 2010. Lina maua madogo meupe, huwasha ngozi, na mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Husafiri katika matope ya magari na katika mbegu za mazao. Mtoto akiliona asilishike, bali awaambie wakubwa. Wao walig'oe kabla ya kuchanua, wakiwa wamevaa glovu.

HAKI YA JIRANI

Je, mtu mmoja aweza kazi hii peke yake? Hapana. Utalea chipukizi mwaka mzima, kisha baada ya mavuno mbuzi wa jirani wakalimaliza kwa siku moja. Nawe ukiacha gugu shambani mwako, mbegu zake hazitauliza mpaka. Uislamu umempa jirani haki kubwa, na kumwepusha na madhara ni sehemu ya haki hiyo. Ndiyo maana jambo hili linataka makubaliano ya kijiji kizima: wafugaji, wakulima na wachoma mkaa.

Wanafunzi wenzetu, tuwaombe wazazi kwa adabu watuachie walau kisiki kimoja shambani, tukifunge kitambaa na kukilea wenyewe.

MASWALI

1. Taja hatua nne za kisiki hai.
2. Kwa nini mathenge ulileta madhara ingawa nia ilikuwa njema?
3. Mbuzi wenu wamekula chipukizi la jirani. Mtafanya nini?

Wabillaahi tawfiiq.